Damu ya Namba Kumi na Saba

Daktari Kang Su-yun alikimbilia maabara kwa sababu moja tu, na hakuificha: hakuweza kumtazama mtu usoni akamwambia unaumwa vibaya. Alijaribu wodini mwaka mzima, akiwa bado binti, akashindwa. Mgonjwa akimuuliza, "Daktari, majibu yangu vipi?" yeye anaanza kupekua mifuko kutafuta kalamu ambayo iko mkononi. Basi akashuka chini, ghorofa ya kwanza ya hospitali ya chuo kikuu hapa Chiayi, kwenye mashine na vichupa, na huko akakaa miaka thelathini na moja. Kumi na minne ya mwisho ndiyo alikuwa mkuu wa kitengo chote cha kupima damu, mkojo na kila kinachotoka mwilini mwa watu.

Wote tulimwita Mkuu. Mlinzi wa mlango wa nyuma alimwita Mkuu, na mimi niliyekuwa naleta maboksi ya dawa za mashine kila Jumatatu na Alhamisi nilimwita hivyo hivyo. Mama mfupi, viatu vya raba, nywele kazikata mwenyewe. Chakula chake cha mchana ni wali wa bata mzinga, anakula amesimama, bakuli mkono mmoja, karatasi za majibu mkono mwingine. Hakuolewa. Ukimuuliza kwa nini, anasema hakupata muda, halafu anakuuliza maboksi umeyahesabu.

Alikuwa na kanuni moja ambayo kila mwanafunzi aliyepita pale aliijua kuliko jina la mama yake. Namba ikikushangaza, usibishane na mashine. Chukua tone la damu, paka kwenye kioo, weka chini ya hadubini, tazama kwa macho yako. Ukishatazama ndiyo useme mashine ina wazimu. Kuna vijana wamefukuzwa pale kwa kutotazama. Kulia hakukuwasaidia.

Na kutazama kwenyewe alifundishwa na mtu. Alifundishwa na Lai Chun-hsiung, fundi wa maabara aliyeanza kazi mwaka mmoja kabla yake. Daktari ni yeye, lakini macho yalikuwa ya Hsiung. Siku za mwanzo walikaa bega kwa bega kwenye hadubini yenye vichwa viwili, Hsiung anasema, "Hiyo uliyoita mbaya ni nzuri, na hiyo uliyoiruka ndiyo mbaya. Rudi." Anamwambia daktari rudi! Na daktari anarudi. Baadaye mmoja akawa mkuu na mwingine akabaki fundi, wala hakuna aliyesikia neno. Hsiung alikuwa mtu wa utani, na kuna jambo moja walilomtania yeye: mkewe, A-Chih, analima mananasi kule Minxiong, na sisi wa hospitali nanasi haliingii kazini, maana kwa lugha yetu jina lake linasikika kama 'neema njoo'. Ukilileta, wagonjwa watamiminika mpaka ujute. Kwa hiyo siku vichupa vikizidi, Pei-shan, yule dada mdogo mwenye mdomo, anapiga kelele toka kona:

"Kaka Hsiung! Jana umelala na nani?"

"Na mke wangu."

"Ulinawa mikono?"

Sasa, mwezi wa kumi na moja ilikuja mashine mpya. Kubwa kama kabati la nguo. Ile ya zamani ilishang'olewa na kubebwa, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Siku mbili za kwanza mashine mpya ilikuwa inaongea upuuzi mtupu, na wakaguzi kutoka Taipei wanakuja Alhamisi. Kabla hawajafika lazima ionyeshwe kwamba inapima sawasawa, na njia ni ile ile ya siku zote: unachukua watu ishirini wazima wa afya, unapima damu zao, namba zao ndizo zinakuwa rula ya kuwapimia wagonjwa. Watu ishirini wazima utawatoa wapi saa nane na nusu mchana? Unawatoa humo humo. Kila mtu wa maabara anakunja shati. Ndivyo walivyofanya miaka yote. Daktari Kang mwenyewe anachanganya vichupa, anabandika namba badala ya majina, orodha ya nani ni namba gani anaitia kwenye bahasha kabla namba hazijamkaa kichwani, anaifunga kwa gundi, droo, ufunguo. Mtu akubali kutoa damu bila hofu kwamba mwenzake wa meza ya pili atajua ana sukari.

Jumatano ile walianza kupima saa tisa mchana. Hsiung kwenye mashine, Pei-shan anaandika, Mkuu kasimama nyuma yao na simu inalia mfukoni kila dakika, naibu mkurugenzi anauliza tayari au bado. Kumi na sita zilipita safi.

"Mkuu," Hsiung akasema, "kumi na saba imekataa."

"Imekataaje?"

"Nyeupe elfu ishirini na saba. Za kugandisha elfu sitini na moja. Na imepiga alama nyekundu, inasema kuna chembe changa."

Kwa asiyejua: chembe nyeupe za mtu mwenye afya hazifiki elfu kumi na moja, za kugandisha damu zinapita laki na nusu, na chembe changa hazitakiwi kuonekana nje ya mfupa hata moja.

"Jana ilisema nini juu ya damu ya Pei-shan?" Mkuu akauliza.

"Ilisema Pei-shan hana damu kabisa."

"Nina chai ya maziwa," Pei-shan akajibu, watu wakacheka. Halafu akanyoosha shingo juu ya mashine, pale ilipowekwa pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi, kama inavyowekwa juu ya kila mashine ili ikae kwa adabu. Akaigeuza. "Jamani! Nani kaweka hii? Imeisha muda tangu mwezi wa nane! Mashine imelishwa sumu ya miezi mitatu, itapimaje?"

Hapo ndipo watu waliachia kabisa. Fundi wa watu kaletwa toka kiwandani siku mbili bila mafanikio, kumbe ni pakiti! Mmoja akakimbia dukani kuleta nyingine, na kelele ikapigwa nyuma yake, ya kijani, usilete ya njano utatuua. Pakiti mpya ikapandishwa. Na kweli, kumi na nane ikapita safi. Kumi na tisa, safi. Ishirini, safi.

Ikabaki kumi na saba.

"Nipake kioo nitazame?" Hsiung akauliza.

Wote waliokuwepo wanakumbuka aliuliza. Na wote wanakumbuka Mkuu alivyotazama saa ya ukutani, simu ikaanza tena kulia.

"Acha. Tupa hiyo. Chukua yangu iingie badala yake."

"Mkuu, si ndiyo kanuni yako..."

"Kanuni ni ya wagonjwa, Hsiung. Hawa ni sisi."

Akakunja shati. Hsiung akamfunga mpira mkononi, akamchoma, mkono mwepesi kama kawaida yake, akapima. Damu ya Mkuu ilikuwa nzuri ajabu, kila namba katikati. Kichupa cha kumi na saba Hsiung akakitupa kwenye ndoo ya njano. Bahasha hakuna aliyeifungua, kwa sababu bahasha haifunguliwi. Kesho yake wakaguzi walikuja, wakapekua, wakasaini, wakaondoka na kusema maabara hii ni ya mfano. Jioni ile kitengo kizima kilikwenda kula nyama ya mbuzi kwenye chungu, na Hsiung ndiye aliyeimba.

Mwezi wa kwanza, wiki ya kusafisha nyumba kabla ya mwaka mpya wa kwetu, ule wa kuhesabu kwa mwezi, Hsiung alikuja kazini na mabaka mawili ya damu iliyovilia mkononi, makubwa kama viganja.

"Shemeji amekupiga?" Pei-shan akauliza.

"Nilibeba vikapu."

"Vikapu vina vidole?"

Akacheka. Fizi zake zilikuwa na damu. Pei-shan anasema alipoiona ile damu kwenye meno, utani ulimkauka mdomoni. Hsiung naye aliona ameonwa. Alikwenda pembeni, akajifunga mpira kwa mkono na meno, akajichoma, akaweka kichupa kwenye mashine bila jina. Alama nyekundu. Safari hii hakuuliza mtu. Alipaka kioo, akakikausha, akakitia rangi, akakaa kwenye kiti chake na kuhesabu chembe mia moja kama anavyohesabu za kila mtu, kidole kwenye kile kihesabio kinacholia tik, tik. Pei-shan alisimama nyuma yake, hakuthubutu kumgusa. Alihesabu mpaka mia. Mbaya zilikuwa sabini na nane.

Halafu akaandika fomu, akaenda kwenye mlango wa ofisi ya Mkuu.

Pale kwetu majibu ya kutisha hayatumwi kimya kimya kwenye kompyuta. Unayasoma kwa sauti, na anayepokea anayarudia neno kwa neno, ndiyo unaandika saa na kusaini.

"Mkuu, nina majibu ya hatari."

"Ya wodi gani?"

"Hayana wodi bado. Naomba urudie nikisoma." Akasoma. "Lai Chun-hsiung, mwanaume, miaka hamsini na tisa. Nyeupe laki moja na elfu arobaini na mbili. Za kugandisha elfu kumi na tisa. Chembe changa asilimia sabini na nane."

Mkuu alinyanyuka, akakaa. "Laki moja na elfu arobaini na mbili," akasema. "Elfu kumi na tisa. Sabini na nane."

"Hujarudia jina."

"Hsiung..."

"Jina linaanza, Mkuu. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Akalirudia jina. Hsiung akaandika saa tano na dakika kumi, akasaini, akavua koti jeupe, akalikunja vizuri, akapanda lifti mwenyewe kwenda ghorofa ya saba, wodi ya saratani ya damu, kulazwa.

Mlango ulipofungwa, Daktari Kang alifungua droo. Alikuwa hata hajui anatafuta nini, hivi ndivyo alivyosema baadaye, mkono ulikwenda wenyewe. Akachana bahasha. Kumi na saba: Lai Chun-hsiung.

Siku hamsini na mbili. Alizihesabu kwenye kalenda ya ukutani kwa kucha.

Kuanzia hapo mwanamke yule akawa na jambo moja tu la kufanya duniani, nalo ndilo alilolikimbia tangu ujana: kupanda ghorofa ya saba na kumwambia mtu ukweli. Siku ya kwanza alifika kwenye sinki la kunawia, akanawa mikono, akarudi. Siku ya tatu alifika mlangoni, akamkuta A-Chih anatoka na beseni, akamuuliza kama amekula, akarudi. Alijiambia Hsiung ameanza dawa kali, anatapika, ana homa, asubiri apate nguvu. Alikwenda kwa daktari wa saratani, akauliza kama anauliza habari za mgonjwa yeyote: mtu kama huyu angegunduliwa wiki saba kabla, je? Yule akainua mabega. "Angeanza akiwa na nguvu, mapafu hayajaingia uchafu. Labda ingesaidia. Labda ungekuwa muda tu. Mtu hawezi kuapa." Hilo labda ndilo lilimla. Angeambiwa hapana, angelala. Angeambiwa ndiyo, labda vilevile angelala.

Na kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu kichupa cha Hsiung kinashuka kutoka ghorofa ya saba, na majibu lazima asaini yeye. Anasoma namba, anasaini. Kesho tena.

Siku ya tisa alimwendea naibu mkurugenzi, bwana Shih, akamweleza. Shih alifunga mlango.

"Dada Kang, nani anajua?"

"Mimi."

"Basi wewe bado hujafungua bahasha. Damu ilitolewa kwa siri, siri imetunzwa, wakaguzi wamesaini. Unataka kumpa mtu anayeumwa kitu cha kukukasirikia? Atapona na hasira?"

Wengi wangeshukuru kwa maneno hayo. Nasikia yeye alikaa pale akayapenda, akayapenda kweli, kiasi cha kujichukia. Siku ya kumi na moja, saa sita mchana, alipanda, akanawa mikono, akaingia.

Hsiung alikuwa hana nywele, midomo imepasuka. A-Chih alikuwa kando anamenya mapera ambayo mumewe haruhusiwi kula. Anamenya tu, mikono ipate kazi, halafu anayala mwenyewe.

"Mkuu kaja na miguu yake!" Hsiung akasema. "Nilidhani umepotea kwenye lifti. Chini nani anasoma vioo vyangu?"

"Mimi."

"Basi nimekwisha."

Daktari Kang hakukaa. Alisema moja kwa moja, kalamu haikutafutwa. Alisema ile namba kumi na saba ya mwezi wa kumi na moja ilikuwa ya Hsiung. Akasema tarehe. Akasema orodha anayo, hii hapa. Akaiweka kitandani.

Kisu cha A-Chih kilisimama juu ya pera.

Hsiung alisoma orodha taratibu. Halafu akauliza kama anavyouliza fundi: "Elfu ishirini na saba, si ndiyo?"

"Ishirini na saba. Za kugandisha sitini na moja."

"Nilikuuliza nipake kioo."

"Uliniuliza."

"Nilikishika mkononi kile kichupa. Kilikuwa bado na joto." Akatazama kiganja chake. "Ulinifanya niitupe damu yangu mwenyewe, Su-yun."

Miaka thelathini hakuwahi kumwita kwa jina.

"Kesho napeleka barua," Daktari Kang akasema. "Naacha kazi."

"Ili upumzike?"

Daktari Kang alikazia macho pera lililomenywa nusu.

"Hapana. Ukae. Uandike yote, jina langu liwemo, jina lako liwemo, usome mbele ya wale watoto wote. Halafu kesho yake uje kazini, na kesho kutwa uje. Mimi sina pa kwenda, na wewe usiwe na pa kwenda."

"Hsiung, naomba..."

"Usiniombe kitu." Sauti haikupanda. "Sina nguvu ya kukusamehe na kutapika siku moja."

A-Chih akanyanyuka, kisu bado mkononi, akafungua mlango. "Toka, Daktari," akasema. "Toka."

Jumatatu iliyofuata, kwenye kikao cha asubuhi, watu sitini na wawili wamesimama na makoti yao, mimi niko nyuma na maboksi yangu, Daktari Kang alisoma karatasi nne. Hakulia. Alisoma namba, saa, maneno aliyosema, na nani alisema nini. Alipofika pale pa pakiti, Pei-shan aliziba uso, maana kicheko kile kilikuwa chake, na cha wote. Mkuu akakatisha kusoma. "Pei-shan hana kosa. Mtu anaruhusiwa kucheka. Mimi ndiye niliyetakiwa kutazama." Akaendelea.

Shih alimfuata mpaka kwenye ngazi akimfokea, tulisikia wote. Wakaguzi waliitwa tena, mashine ikapimwa upya kwa watu wengine ishirini. Baraza la hospitali lilimpa barua ya onyo, likamwacha kwenye kiti, nadhani kwa sababu hawakuwa na mwingine. Maabara ikawa kimya. Mtu akipiga chafya, wenzake wanamgeukia. Kuna waliomheshimu zaidi kwa kusema. Kuna waliosema angenyamaza mzee afe kwa amani. Mtaani huku bado wanabishana.

Yeye alikuja kazini kila siku kama alivyoambiwa. Kila asubuhi kichupa kinashuka, anapaka kioo mwenyewe, anatazama mwenyewe. Kwenye wiki ya tatu chembe mbaya zilipungua, tukaanza kupumua, Pei-shan akanunua hata keki. Wiki ya tano zikarudi. Mkuu aliziona kabla ya daktari yeyote wa ghorofa ya saba, na ilimbidi apige simu asome, na yule wa upande wa pili arudie, jina kwanza. Alipiga. Hakumpa mtu mwingine kazi ile.

Hsiung hakumwita tena, naye hakupanda. Tarehe tisa ya mwezi wa tatu, saa kumi na mbili na nusu, kichupa hakikushuka. Alisimama pale kwenye dirisha la kupokelea sampuli mpaka saa moja na robo. Kijana wa zamu ya mapokezi alitaka kupiga simu ghorofa ya saba kuuliza. Akamwambia acha.

Msiba ulikuwa Minxiong, turubai mbele ya nyumba, uwanja umezungukwa na mashamba ya mananasi. Kwetu watu wakifika msibani, kama huna la kusema, unakaa meza ya kinamama unakunja maua ya karatasi ya njano ya kuchomwa pamoja na marehemu. Yanahitajika mengi, mamia kwa mamia. Daktari Kang alifika peke yake kwa treni, akatembea toka stesheni. Aliposimama ukingoni mwa turubai, kinamama wa mezani waliinua vichwa. Shangazi mmoja wa Hsiung alitema pembeni. Pei-shan alikuwepo, akainamisha kichwa.

A-Chih hakumtazama. Alikuwa anakunja, vidole vinakwenda vyenyewe.

"Hutamwashia ubani," akasema. "Sitaki."

"Sawa."

"Alikuambia ukae kazini. Unakaa?"

"Nakaa."

"Unalala?"

Daktari Kang alifikiri, kama mtu anayetaka kutoa jibu sahihi. "Hapana," akasema.

"Na mimi silali."

Akavuta stuli kwa mguu kutoka chini ya meza, akachukua rundo la karatasi, akalisukuma mpaka upande wa pili.

"Basi kunja."